Ziara ya boti ya kuangalia furu, Ghuba ya Mwanza: nyota nne, ya tano wangeipata wangewahi kuondoka

Nyota nne kati ya tano. Naanza na hiyo kwa wale wanaosoma mstari wa kwanza afu wanafunga simu, wengine vuteni kiti maana hii ni ndefu.

Huduma yenyewe ni vijana wenye boti moja ya faiba yenye turubai juu, wanaondokea upande wa Capri Point, nusu siku mnazunguka visiwa vya mawe ndani ya Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, mnaangalia furu, wale samaki wadogo wa ziwani, tangazo lao linasema "njoo uone spishi mpya zinavyotokea". Jina la kampuni siliweki kwa sababu nina malalamiko na sitaki kumwagia watu mchanga kwenye kitumbua. Ukifika ufukweni ulizia boti ya mwalimu wa furu, utaelekezwa. Elfu 45 kwa Mtanzania, ndani kuna maji, soda na msosi wa mchana, lipa namba wanapokea. Wageni wanalipa zaidi, hilo ni la kawaida kila mahali.

Malalamiko yaishe kwanza. Tuliambiwa saa moja kamili asubuhi, injini imewashwa saa mbili na nusu, na maelezo ni "tunasubiri wateja wawili wako njiani", sawa, ila sisi tuliowahi kosa letu nini. Ingekuwa ziara ya kupiga picha na Jiwe la Bismarck nisingesema neno, lile jiwe haliendi popote. Lakini kwa ziara ya samaki kuchelewa ni kuharibu bidhaa yenyewe, asubuhi ziwa limetulia, ikielekea saa sita upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, mawimbi yanatibua maji ya pembeni na hapo kile kioo chao cha kuangalizia kinabaki cha kuangalia povu. Laifu jaketi zipo za kutosha na boti haikuondoka mpaka kila mtu amefunga mikanda, hapo nawapa heshima yao, ila zinanuka dagaa balaa, jamani zifueni hata kwa mwezi mara moja. Choo hakuna mpaka mfike pa kulia.

Kuogelea hairuhusiwi na wanakuambia wazi kwamba ni kwa sababu ya kichocho. Nimependa sana hiyo maana kuna waongozaji wanawaambia wageni "rukeni tu maji salama" afu mtu anaenda kugundulika kwao Ulaya baada ya miezi. Badala yake wana boksi la mbao ambalo chini limefungwa kioo, unalizamisha kidogo pembeni ya boti, unaingiza uso, unaona mawe na samaki waliokaa juu juu vizuri kabisa. Maboksi yapo mawili kwa watu kumi na kitu, ongezeni.

Sasa huyo mwalimu. Ni jamaa wa Kisukuma, alianza kuvua akiwa mdogo na baba yake, baadae akawa anawabebea vifaa watafiti waliokuwa wanakuja kufanya kazi kwenye visiwa hivi, na inaonekana masikio yake hayakuwa yamelala. Anaanza na salamu, wangaluka, boti nzima inaitikia hata wale Wachagga wawili waliokuwa nyuma, afu anauliza swali moja: nani amewahi kula furu? Mikono karibu yote juu. Wangapi mnajua furu ni samaki wa aina moja? Mikono juu tena. Basi anawaacha hivyo hivyo, anawasha injini.

Ukweli ni kwamba tukisema furu tunajumlisha spishi kama 500 hivi, na karibu zote hazipatikani kokote duniani zaidi ya huku kwetu. Kuna wanaokwangua mwani kwenye mawe, kuna wanaovunja konokono, kuna wanaokula samaki wenzao, kuna wanaonyonya mayai na vitoto kutoka mdomoni mwa mama samaki (furu mama anatunza wanawe mdomoni, hilo nadhani watoto wote wa ufukweni wanalijua). Wale wa kwenye mawe Wasukuma wanawaita mbipi, na wataalamu walilichukua jina hilo hilo, kuna jenasi nzima (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) inaitwa Mbipia. Na hili ziwa tunaloliona kama lipo tangu Adamu, udongo uliochimbwa kutoka chini yake unaonyesha kwamba kama miaka 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Likajaa tena. Spishi 500 kwa miaka 15,000 ni mwendo wa ajabu, kwa wanyama wengi spishi mbili kuachana tu inakula mamia ya maelfu ya miaka na zaidi.

Kituo cha kwanza ni vile visiwa vidogo ambavyo kwenye maandishi ya wanasayansi vinaitwa Python. Hapa ndipo hela yako inapoanza kurudi. Msaidizi wake anashusha ndoano ndogo mno karibu na mawe, maji ya juu juu, anapandisha dume la bluu lenye kijivujivu na mistari meusi. Anashusha tena, safari hii kina kimeongezeka, inachukua muda, anapandisha dume jekundu mgongoni, ubavuni njano. Wote wawili wanaingia kwenye chombo cha plastiki chenye maji, kinapitishwa mkono kwa mkono, na madume wawili hawa ukiwatoa rangi ni kama ndugu wa tumbo moja. Majike ndo kabisa, mimi sikuweza kuwatofautisha hata alipotuonyesha. Wakishaonekana wanarudishwa majini pale pale walipotolewa, hakuna cha kubeba.

Wa bluu ni Pundamilia pundamilia. Wa aina ile nyekundu ni Pundamilia nyererei, na ndio, ni huyo huyo Nyerere mnayemfikiria, alipewa jina mwaka 1985. Mzee mmoja kwenye boti akasema ndo maana huyu amekaa chini kimya anafanya kazi, wenzake wako juu wanajionyesha. Kilichonifurahisha ni kwamba mwalimu hakutuuzia kirahisi, alisema nyererei mwenyewe hasa ni wa Makobe, kisiwa kiko nje ya ghuba hii, upande wa Ghuba ya Speke, huyu wa hapa anafanana naye ila DNA imeonyesha kwamba ukoo wake ulichanganyika na wale wa bluu afu ukaachana tena humu humu ghubani. Angeweza kusema "huyu ni nyererei pigeni picha" na hakuna ambaye angejua.

Kwa nini wa bluu yuko juu na mwekundu yuko chini? Jamaa ana visahani viwili vya bati, kimoja amekipaka rangi ya bluu kingine nyekundu, vimefungwa kwenye kamba na jiwe. Anavishusha pamoja taratibu na nyie mnaangalia kwenye kioo. Cha bluu kinaanza kuwa cheusi mapema kabisa, chekundu bado unakiona kinashuka, kinashuka, mpaka nacho kinapotea. Maji ya ziwa letu yana tope na vitu vilivyooza ambavyo vinakula mwanga wa bluu kwanza, kwa hiyo kadri unavyoshuka mwanga unaobaki ni wa kuelekea njano na nyekundu. (Wa Dar mlioko hapa msije mkabisha, kwenye bahari safi ni kinyume, nyekundu ndo inawahi kupotea.) Jicho la samaki lina protini za kunasa mwanga, opsini, na moja ya hizo kwenye samaki wa juu na wa chini ina matoleo tofauti, la wa chini linanasa zaidi mwanga mwekundu. Samaki aliyeko chini mwenye jicho la chini anaona vizuri, na anayeona vizuri anakula na kukwepa adui na kupata mwenza, anazaa. Mwenye jicho lisiloendana na pale alipo anababaika. Vizazi vikipita, kila kina kinajaza macho yake. Huo ndo uteuzi asilia, na haujawahi kuwa mambo ya mwenye nguvu mpishe, hakuna aliyempiga mwenzake hapo.

Afu linaingia la majike. Jike mwenye jicho la kunasa nyekundu, dume jekundu anamwona kawaka, wa bluu anamwona kama kivuli. Anachagua yule anayemwona. Watoto wanarithi jicho la mama na rangi ya baba kwa pamoja, na vikirithishwa pamoja muda mrefu mnapata makundi mawili yanayoishi jiwe moja, hawajatenganishwa na mlima wala mto, ila hawaoani. Watafiti walilijaribu hili kwenye matangi miaka ya 1990, majike wa nyererei kwenye mwanga wa kawaida wanafuata madume wao wekundu, ukiwawekea mwanga wa rangi moja tu, wa chungwa, ambao rangi za madume hazionekani tofauti, wanaacha kuchagua. Anaelezea hii huku ameshika kile chombo cha plastiki na samaki mkononi, nani atalala hapo?

Kulikuwa na binti wa Form Four na mdogo wake, akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: "Kwa hiyo mwalimu samaki aliona chini kuna giza akaamua kubadilika?" Kama ulisoma bailojia ya O-level unakumbuka yule twiga wa Lamarck anavuta shingo mpaka inarefuka na wanawe wanairithi, wengi tumetoka shule na Darwin jina lakini kichwani twiga bado anavuta. Jamaa akamjibu vizuri, "Hapana mwanangu, samaki hakuamua kitu. Waliokuwa na jicho hilo walikuwepo tayari, wachache. Mazingira yaliwakuta nalo." Binti akabana, sasa wao walilitoa wapi?

Hapa ndo ziara hii inapowapita nyingine zote nilizowahi kulipia, maana waelezaji wengi wakifika swali hilo wanahamia kwenye mamba. Jibu ni bahati. Jeni zinapokopiwa zinakosewa, na kosa haliji kwa sababu linahitajika, linakuja tu, mengi hayana faida wala hasara, machache yanaharibu, machache mno yanakuja kuwa dili baadae yakikuta mazingira yake. Na kwa furu kuna bahati nyingine kubwa zaidi ambayo iligunduliwa kwenye DNA, matokeo yalitoka 2017: wazazi wa hawa samaki ni koo mbili tofauti kabisa, moja inahusiana na mito ya upande wa Kongo, nyingine upande wa Nile ya juu, zilikutana na kuchanganyika zamani, kama miaka 150,000 iliyopita. Yale matoleo mawili ya jicho, la juu na la chini, kila moja lilitoka kwa ukoo wake! Hakuna aliyepanga maji ya mito hiyo yakutane. Yasingekutana, ziwa lilipojaa tena lingekuwa na samaki wenye kapu dogo la kuchagulia na pengine leo tusingekuwa na cha kulipia elfu 45.

Kuonyesha bahati anatumia vizibo vya soda, amevipaka, nusu vyekundu nusu vya bluu, vimo kwenye kofia. Anakwambia kofia ni kisiwa kikubwa. Dhoruba imekuja, samaki wanne tu wamefika kisiwa kingine, funga macho toa vinne. Mama mmoja akatoa vitatu vya bluu na kimoja chekundu. Wakizaana, robo tu ndo wekundu. Sasa katika hao toa tena vinne bila kuangalia. Kwetu ilipofika raundi ya tatu nyekundu ilikuwa imekwisha kabisa kisiwani, na hakuna mtu aliyeweza kusema bluu ilikuwa bora, haikuwa bora, ilitokewa tu. Idadi ikiwa ndogo hayo yanatokea haraka, ikiwa kubwa bahati inajisawazisha. Na mbipi hawapendi kukatiza uwazi wa mchanga au tope, wanang'ang'ania mawe, kwa hiyo kila kisiwa kina watu wake na kila kisiwa bahati inachezesha kofia yake.

Lawama yangu hapa ni moja: alikimbia. Vizibo vilichukua dakika chache tu kwa sababu msosi ulikuwa unasubiri, na tusingechelewa asubuhi tungekaa. Watu wawili watatu walibaki na wazo kwamba basi kila kitu ni kamari. Nikamuuliza mwenyewe, utajuaje hiki kimeletwa na uteuzi na hiki kimeletwa na bahati, maana zote mbili zinafanya samaki wa kisiwa hiki wawe tofauti na wa kile? Akasema angalia kama jambo linajirudia. Wekundu chini na bluu juu unakuta kisiwa hiki, unakuta kile, unakuta kingine, bahati haina akili ya kurudia mpangilio ule ule kila mahali, kwa hiyo hapo kuna kinachosukuma. Lakini ukikuta kisiwa kimoja samaki wana kitofauti fulani kisicho na mpangilio, hakiendani na kina wala mwanga wala chakula, na jirani wana kingine, hapo anza kushuku bahati. Aisee. Hilo jibu peke yake liandikwe kwenye tangazo lao.

Mama yule wa vizibo, mtu wa kanisa kabisa, akauliza sasa hii si inapingana na Mwanzo. Boti ikawa kimya, mnajua vile inakuwaga. Jamaa akasema, "Mama, mimi naeleza samaki walivyo, aliyewaweka mkamuulize wenyewe Jumapili," mama akacheka, tukaendelea. Kuna ambao wangetaka mdahalo, mimi nimeona ni heshima.

Kituo cha pili watu waligawanyika. Tulikwenda kusini zaidi ndani ya ghuba ambako maji yana tope, ukizamisha boksi unaona rangi ya chai ya maziwa basi. Jamaa mmoja akalalamika kwa sauti kwamba amelipia kuona tope. Kwangu mimi hicho ndo kituo bora. Kwenye visiwa vya maji safi kama Makobe unaona chini zaidi ya mita mbili, na huko makundi mawili yameachana vizuri. Kwenye maji ya tope sana kama kisiwa cha Luanso, ambako unaona kama nusu mita tu, wekundu na bluu hawajaachana, ni kundi moja lenye rangi za kila namna katikati. Yaani spishi mbili zinategemea mwanga, ukiuzima mwanga majike hawatofautishi, ukuta unaanguka. Msaidizi alivua dume lililokuwa halieleweki, si bluu si jekundu, ila mwalimu alikataa kusema ni chotara, alisema kwa macho tu huwezi kuthibitisha.

Na hapo linakuja la kwetu wenyewe. Mbolea, majitaka ya mji, udongo wa milima tuliyokata miti, yote yanaishia ghubani, maji yanachafuka na mwani unajaa. Spishi zinaweza kupotea bila samaki hata mmoja kufa kwa sumu, wanachanganyikana tu mpaka wanakuwa kitu kimoja. Hili liliandikwa na watafiti tangu 1997 na data nyingi zilitoka visiwa hivi hivi, sisi tunapita na kivuko tu.

Msosi: ugali, sangara wa kukaanga, kachumbari, pilipili ya kutosha. Sangara alikuwa fresh, amekaangwa akakauka nje ndani laini, hapo sina neno, sehemu ya kulia ina kivuli na choo kisafi. Ila kuna kejeli kumla sangara kwenye ziara ya furu na nadhani wamefanya makusudi, maana stori yake inasimuliwa huku mnamung'unya. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akatulia kwanza, miaka ya 1980 akalipuka, na humu ghubani furu wa maji ya wazi wakafagiliwa, makadirio ni kwamba spishi kama 200 za furu zilitoweka ziwani, tope na upungufu wa oksijeni navyo vikisaidia. Mbipi wa mawe wengi walipona kwa sababu sangara hapitipiti kwenye mianya ya mawe. Walikuwa bora? Hapana, walikuwa na makazi sahihi siku ambayo hakuna aliyejua kuwa itakuja. Afu kuna spishi moja iliyokaribia kwisha, Haplochromis pyrrhocephalus, ilirudi miaka ya 1990 na watafiti walipolinganisha na samaki waliohifadhiwa Uholanzi tangu miaka ya 1970 wakakuta mashavu ya kupumulia yamekuwa makubwa zaidi na mkia una misuli zaidi, ndani ya miaka isiyozidi 20! Maji yenye oksijeni kidogo, adui mwenye mbio, unaona kabisa ni nini kilichochuja. Sehemu ya hayo inaweza kuwa mwili tu kujirekebisha bila jeni kubadilika, na mwalimu alilisema hilo bila kuulizwa.

Mimi sangara siwezi kumchukia, viwanda vya minofu ndo vilinisomesha kupitia mzee wangu, na Mwanza hii nusu ya nyumba za miaka ile zina jasho la sangara. Naandika tu alichofanya.

Njia ya kurudi mnapita karibu na Saanane, kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa, hamshuki, kushuka ni kiingilio cha TANAPA na ratiba yake. Mwalimu anaelekeza kidole kwenye pimbi na wale mijusi wa mawe, dume kichwa chekundu mwili bluu ambao vijana wanawaita Spider-Man, jina lao la kitaalamu Agama mwanzae, limebeba mji wetu. Hakueleza zaidi, alikuwa amechoka, na sisi pia.

Kitu kimoja wakitoe kabisa. Mwanzo wa safari wanagawa karatasi iliyopigwa laminesheni, upande mmoja michoro ya furu, mizuri, majina yameandikwa sawa, upande wa pili wameweka ile picha ya nyani anayesimama taratibu mpaka anakuwa mtu anayetembea. Sasa safari nzima mnafundishwa kwamba ukoo unagawanyika matawi, hakuna samaki anayepanda ngazi kumfuata mwenzake, wa bluu hakuwa daraja la kufikia mwekundu, afu mkononi una picha ya ngazi. Yule binti wa Form Four ataenda kuichora hiyo kwenye mtihani. Wekeni mchoro wa ghuba na visiwa vyake, na rangi za madume kila kisiwa, hata mkiuza elfu tano nitanunua.

Wanaofaa kwenda: walimu wa bailojia na wanafunzi wao, wenyeji mliokula furu maisha yote bila kuwaangalia, wazazi wenye watoto wa kuanzia kama miaka kumi. Watoto wadogo zaidi wataboeka baada ya samaki wa kwanza na boti haina pa kukimbilia. Ukitafuta muziki na bia hii sio boti yako, zipo nyingine pale pale. Wanaotapika majini mmeze dawa mapema kwa sababu kurudi mchana mawimbi yanapiga ubavuni.

Mkiweka nafasi waambieni mnataka kuondoka saa kumi na mbili na nusu kweli, mkiwa kundi lenu wenyewe wanakubali. Na ulizeni kama mvua imenyesha usiku, ikiwa imenyesha mito inamwaga tope na hata Python hamtaona kitu, ahirisheni, nafasi wanakuhamishia siku nyingine bila kukukata hela.